Je wajua kwa nini mkanda wa taiming ukikosewa jino moja tu gari inakosa silensa, yaani hainguruma vizuri ikiwa imesimama bila kukanyaga mafuta?

Corolla 110 ya kaka yangu, injini 5A-FE, ilibadilishwa mkanda wa taiming ikatoka gereji inakimbia vizuri tu, ila ukifika kwenye foleni usukani unatetemeka, mshale wa rpm unacheza, ukiwasha AC ndo inazima kabisa. Ikabadilishwa plagi, ikaoshwa throto, zikanunuliwa nozeli za mtumba, hela inaenda na gari ni ile ile. Kumbe kemshafti, ile shafti inayofungua valvu, imechelewa jino moja la mkanda.

Sasa jino moja linafanyaje yote hayo? Krenki, yaani shafti inayozungushwa na pistoni, inazunguka mara mbili ndo kemu (kemshafti) inazunguka mara moja, kwa hiyo puli ya kemu ina meno mara mbili ya ile ya krenki. Chukulia ina meno 48, basi jino moja ni nyuzi 7.5 za kemu, ambazo kwenye krenki ni nyuzi 15, na hizo ni nyingi sana. Pistoni imeshaanza kupanda kugandamiza lakini valvu ya kuingiza hewa bado iko wazi, mchanganyiko wa hewa na mafuta unasukumwa kurudi ulikotoka. Ukiwa kwenye mwendo husikii sana maana hewa inaingia kwa kasi na inaendelea kujisukuma ndani hata pistoni ikianza kupanda, ila kwenye silensa hewa yenyewe kidogo na haina kasi, ukiipunguza tena ndo injini inatikisika hivyo.

Kinachoficha hili tatizo ni distributa, kile kifaa kinachogawa moto kwa plagi. Kwenye 5A inazungushwa na kemshafti, kwa hiyo kemu ikichelewa na moto wa plagi unachelewa, fundi anaizungusha distributa kidogo, gari inapata nguvu, anafunga boneti. Moto umerudi sawa lakini valvu bado zimechelewa! Ukikuta distributa imevutwa mpaka mwisho wa tundu lake la bolti, angalia mkanda kabla hujanunua kitu chochote.

Geji ya vakyumu, inayopima injini inavuta hewa kwa nguvu kiasi gani kwenye manifoldi ya kuingizia, nayo inasaidia. Injini isiyo na tatizo ikiwa silensa pale Dar inasoma kama inchi 17 mpaka 22 za zebaki na mshale umetulia, kemu ikichelewa mshale unatulia pia ila chini, labda 12 au 14. Angalizo kwa watu wa Nairobi na Arusha: kila futi 1,000 za mwinuko toa kama inchi moja, usije ukafungua injini nzima kwa sababu ya mlima.

Kuhakikisha kabisa, toa plagi zote ili izunguke kirahisi, fungua kava ya valvu, weka spana kwenye bolti ya krenki uzungushe kulia, kamwe usirudishe nyuma, mpaka mkato wa puli ukae kwenye 0. Hapo kwenye puli ya kemu kuna kitundu kidogo, chungulia ndani yake uone alama ya kwenye kifuniko cha beringi iko katikati. Kitundu kikiwa upande wa chini zungusha raundi moja nzima tena. Jicho likae usawa wa puli, ukichungulia kwa pembeni utadanganyika na hilo jino moja. Af zungusha raundi mbili kamili uangalie upya, maana mkanda uliolegea unaweza kukaa sawa mara ya kwanza ukahama ya pili. Ukisharekebisha, rudisha na distributa kwenye nyuzi 10 kabla pistoni haijafika juu kabisa, kwa taa ya taiming, pini za TE1 na E1 kwenye soketi ya uchunguzi zikiwa zimeunganishwa kwa kiwaya.