Majani ya "kusafisha" figo na ini: maswali ninayoulizwa kila wiki hapa Tanga

Mimi ni tabibu. Haya ni maswali ya wagonjwa na ndugu zao, nami nayajibu hapa kwa sababu wengi wanatufikia wakiwa wamechelewa, na waliowachelewesha ni watu waliowatakia mema.

Flavonoidi, zinazosifiwa kwamba ndizo nguvu ya majani haya, ni nini hasa?
Ni kundi la kemikali zinazotengenezwa na mimea yenyewe. Nyingine ndizo zinazotia rangi maua na matunda. Zimo kwenye vitunguu, chai, choya, mlonge na machungwa ya Muheza. Unazila kila siku.

Ni kweli zinalinda figo na ini?
Kwa panya, mara nyingi ndiyo. Watafiti humpa panya sumu, tuseme parasetamoli nyingi au gentamaisini (dawa ya kuua bakteria), na mwenzake humpa sumu ileile pamoja na maji ya mmea yaliyokolezwa. Huyu wa pili mara nyingi haumii sana kama wa kwanza, kwa kuwa flavonoidi hupunguza makali ya sumu ndani ya seli. Lakini angalia: kwa kawaida panya huanza kupewa mmea kabla ya sumu au papo hapo, tena kwa kipimo kikubwa. Wewe unakunywa baada ya miguu kuvimba.

Kwa binadamu habari ni nyingine. Silimarini, mchanganyiko wa aina ya flavonoidi unaotoka kwenye mmea wa miiba wa Ulaya, imejaribiwa kwa wagonjwa wa ini kwa miaka mingi, na majibu yamekuwa yakigongana. Tena sehemu kubwa ya flavonoidi unazokula haifiki kwenye damu, na inayofika hubadilishwa haraka na ini lilelile unalotaka kulipumzisha.

Macho yamekuwa ya njano. Nikinywa majani si yatasafika?
Hapana. Macho ya njano yanaweza kuwa homa ya ini, mirija ya nyongo kuziba, dawa ulizomeza, au malaria kali inayovunja damu. Kila moja ina tiba yake, na jani halijui unaumwa lipi. Kipimo ndicho kinachojua.

Nijaribu wiki moja tu, nione?
Hapana, ndugu yangu. Wiki ndiyo inayoua. Aliyemeza parasetamoli kupita kiasi anaweza kushinda siku nzima akijiona mzima, kumbe ini linaungua. Dawa ya kumwokoa ipo, na hufanya kazi vizuri zaidi ikianza ndani ya saa 8. Figo nazo zikisimama ghafla kwa kuhara na kukosa maji, mara nyingi hurudi kazini zikiwahiwa. Zikicheleweshwa, zinaweka kovu, na kovu halisafishwi na mzizi wowote.

Na kama jirani yangu alikunywa akapona?
Hapana kwa mara ya tatu. Homa ya ini A, kwa mfano, kwa watu wengi huisha yenyewe. Jirani angepona hata kwa kunywa maji ya bomba.

Lakini dawa ya asili haina kemikali, haina madhara.
Flavonoidi yenyewe ni kemikali! Tuchukue birimbi, maana kila ua hapa lina mti wake. Kwenye mchuzi wa samaki au achari, kula, hata mimi naipenda. Ila kuna watu wanakamua birimbi nyingi na kunywa juisi nzito eti inashusha sukari au mafuta kwenye damu. Tunda hilo limejaa oksaleti, ambayo hugeuka fuwele ndani ya figo. Kerala, India, wameripotiwa wagonjwa ambao figo zao zilifeli ghafla baada ya kunywa juisi hiyo. Flavonoidi zilizomo hazikuwasaidia.

Madafu je? Si yanasafisha figo?
Kama figo zako ni nzima, kunywa. Kama zimeshafeli, madafu ni hatari: yana potasiamu nyingi, figo zinashindwa kuitoa, ikilundikana moyo unaweza kusimama. Juisi ya machungwa vilevile. Mnaowapelekea wagonjwa wa figo madafu wodini, tafadhali muulizeni muuguzi kwanza.

Naweza kuchanganya majani na dawa za presha?
Usiache dawa za presha wala za kisukari kwa ajili ya majani. Presha na sukari ndizo zinazomaliza figo za wengi. Na wewe unayemeza diklofenaki, dawa ya maumivu inayoweza kuumiza figo, kila siku kwa ajili ya mgongo, kisha jioni unakunywa majani ya kusafisha figo: acha kwanza hiyo diklofenaki, uje tutafute mgongo unaumwa nini. Kama unatumia majani, sema. Nitanuna kidogo, lakini nitajua nitafute nini.

Basi nijilinde vipi?
Kula mboga, vitunguu na matunda kama chakula. Chanja watoto dhidi ya homa ya ini B. Karanga na mahindi yenye ukungu yatupwe, usiyaoshe ukayapika. Pima presha, sukari na mkojo hata kama huumwi, kwa sababu figo huharibika kimyakimya.

Dalili zipi nisilale nazo?
Macho ya njano, mkojo wa rangi ya chai kavu, mkojo kupungua au kukatika, uso kuvimba asubuhi, tumbo kujaa maji, mgonjwa kuanza kuongea yasiyoeleweka. Njoo siku hiyohiyo, na kama kuna majani uliyokunywa, yabebe tuyaone.