Nguvu ya Kundi kwa Mtu Binafsi: Dhana Potofu na Ukweli Uliothibitika

Tunapozungumzia nguvu ya makundi, aghalabu tunafanya kosa lenye pande mbili: tunaipunguza nguvu hiyo tunapojitazama wenyewe, na tunaikuza kupita kiasi tunapowatazama wengine. Mimi nina msimamo wangu; wao wanafuata mkumbo. Dhana nyingi potofu kuhusu jambo hili zimechipuka hapo, na si za kupuuzwa, kwa sababu ndizo tunazozitumia kuwahukumu marafiki, majirani na hata watu tusiowajua kabisa.

Iliyoenea zaidi ni imani kwamba mtu mwenye akili timamu hawezi kukana anachokiona kwa macho yake kwa sababu tu wenzake wamesema vingine. Katika majaribio ambayo mwanasaikolojia Solomon Asch aliyachapisha nchini Marekani mwaka 1951, mshiriki aliketi na watu waliokwisha kuelekezwa kwa siri watoe kwa pamoja jibu lisilo sahihi kuhusu urefu wa mistari, swali ambalo mtu akiwa peke yake ni nadra sana kulikosea. Takriban robo tatu ya washiriki walifuata jibu la uongo angalau mara moja. Walipohojiwa baadaye, baadhi walisema walianza kuyatilia shaka macho yao, na wengine walikiri kwamba walijua ukweli ila hawakutaka kuonekana tofauti.

Hata hivyo, wanaoyasimulia majaribio hayo ili kuonyesha kwamba binadamu hana msimamo huacha nusu ya matokeo. Karibu theluthi mbili ya majibu yote yaliyotolewa chini ya shinikizo hilo yalikuwa sahihi, na takriban robo ya washiriki hawakuyumba hata mara moja. Zaidi ya hayo, mtu mmoja tu katika kundi alipojibu kwa usahihi, makosa ya mshiriki yalipungua hadi takriban robo ya kiwango cha awali. Stanley Milgram aliona jambo la aina hiyo katika majaribio yake maarufu ya utii ya miaka ya 1960. Mshiriki aliyekuwa peke yake na msimamizi aliamriwa kumpa mtu mwingine kile alichoamini kuwa ni mshtuko wa umeme, na 26 kati ya washiriki 40 waliendelea hadi kiwango cha mwisho. Wenzake wawili walipokataa mbele yake, waliofika mwisho walikuwa 4 tu kati ya 40. Kwa hiyo si kweli kwamba kundi daima huikandamiza dhamiri. Mara nyingine ndilo linaloipa dhamiri nafasi ya kusema.

Kwa nini basi kila mmoja wetu hujiona haathiriki? Sababu moja ni kwamba athari hiyo haijitangazi. Utafiti uliofanyika katika kaya za California na kuchapishwa mwaka 2008 uliwapa watu sababu mbalimbali za kupunguza matumizi ya umeme: kulinda mazingira, kuokoa fedha, wajibu kwa jamii, au taarifa kwamba majirani wao tayari wanafanya hivyo. Taarifa kuhusu majirani ndiyo iliyopunguza matumizi kuliko zote, ilhali wahusika wenyewe waliiona kuwa ndiyo yenye uzito mdogo zaidi. Nadhani hapa pana somo la unyenyekevu kwa yeyote anayedai kwamba maamuzi yake yote ni yake mwenyewe.

Hata urafiki tunaoamini kwamba umejengwa juu ya tabia pekee hutegemea sana mazingira. Leon Festinger na wenzake, katika utafiti wa mwaka 1950 kuhusu nyumba za wanafunzi wa chuo cha MIT, walibaini kwamba waliopakana milango walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa marafiki kuliko waliokaa ncha mbili za ukumbi uleule, ingawa umbali wenyewe ulikuwa wa hatua chache tu.

Dhana inayonisikitisha zaidi ni ile isemayo kwamba upendeleo kati ya makundi lazima uwe na mzizi wa uhasama wa zamani. Henri Tajfel na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1971, waliwagawa wavulana wa Bristol, Uingereza, kwa kigezo kisicho na maana yoyote, kama vile ni mchoraji yupi kati ya wawili wanayempenda zaidi. Na kwa kweli hata mgawanyo huo ulifanywa kwa bahati nasibu. Wavulana hao walijua tu kundi la kila mpokeaji, si yeye ni nani, wala hawakuweza kujipatia chochote wenyewe. Bado walipogawa fedha waliwapendelea wa kundi lao, na mara nyingine walikubali kundi lao lipate fedha pungufu ilimradi lilizidi lile jingine. Jina la kundi peke yake lilitosha.

Wapo wanaojibu kwamba dawa ni kuwakutanisha watu tu. Uchambuzi wa tafiti 515 uliochapishwa mwaka 2006 na Thomas Pettigrew na Linda Tropp ulionyesha kwamba kwa kawaida kukutana hupunguza chuki, na hupunguza zaidi pale pande mbili zinapokuwa na hadhi sawa na lengo la pamoja. Masharti hayo yakikosekana, mambo yanaweza kuharibika. Mwanasaikolojia Muzafer Sherif alilishuhudia hilo mwaka 1954 katika kambi ya wavulana 22 huko Oklahoma: makundi mawili yaliyokwisha kushindana yalipokutanishwa kwa chakula, yalirushiana chakula hicho. Uhasama ulipungua baada ya kazi kadhaa ambazo hakuna kundi lililoweza kuzikamilisha peke yake, ikiwamo kurejesha maji ya kambi.

Mwisho ni umati. Baada ya mauaji ya Kitty Genovese jijini New York mwaka 1964, gazeti la The New York Times liliandika kwamba watu 38 waliyatazama bila kuchukua hatua, na kisa hicho kikawa ushahidi kwamba watu wakiwa wengi huwa hawana utu. Mwaka 2016 gazeti hilo lenyewe lilikiri kwamba idadi hiyo ilitiwa chumvi kupita kiasi. Ni kweli kwamba John Darley na Bibb Latané, mwaka 1968, walibaini kuwa mtu aliyeamini kwamba wengine pia wanamsikia mgonjwa wa kifafa alichelewa kutoa msaada kuliko aliyejiona peke yake. Lakini washiriki hao walikuwa katika vyumba tofauti, hawaonani. Watafiti waliochunguza picha za kamera za mitaani za ugomvi 219 katika miji ya Amsterdam, Lancaster na Cape Town waliona kwamba katika matukio tisa kati ya kumi angalau mtu mmoja aliingilia kati, na kadiri watu walivyokuwa wengi ndivyo uwezekano wa mhusika kusaidiwa ulivyoongezeka.