Julai 20, 1932: siku jamhuri ya Ujerumani ilipopokonywa polisi wake

Nafundisha historia ya Ulaya ya karne ya 20, na kila tukifika Ujerumani wanafunzi huniuliza swali lile lile: ilikuwaje Wajerumani wakampa Hitler kura zote zile? Huwajibu kwamba kura hizo hazikutosha. Katika uchaguzi ulio huru chama chake hakikuwahi kupita asilimia 37.3 iliyopata Julai 31, 1932, na Novemba mwaka huohuo kilishuka hadi asilimia 33.1, zaidi ya kura milioni 2 zikiwa zimekikimbia. Theluthi moja ya kura haitoshi kumpa mtu nchi. Kwa hiyo mimi hupenda kuuliza Hitler alikuta nini mezani alipoapishwa uchansela, yaani ukuu wa serikali, Januari 30, 1933. Kubwa kuliko yote lililokuwa pale, kwa maoni yangu, ni polisi wa Prussia, na waliomwandalia hawakuwa Wanazi.

Ujerumani ya Weimar, yaani jamhuri iliyokuwepo kabla ya Hitler, ilikuwa shirikisho la majimbo yasiyolingana hata kidogo. Prussia peke yake ilikuwa na sehemu tatu kati ya tano za nchi, kwa ardhi na kwa watu. Berlin ilikuwa ndani yake, na viwanda na migodi ya Ruhr pia. Kazi ya polisi ilikuwa ya majimbo, na Prussia ilikuwa na polisi wapatao 90,000. Mkataba wa Versailles, uliofuata Vita vya Kwanza vya Dunia, ulikuwa umelibana jeshi la nchi nzima lisizidi askari 100,000. Ukiziweka namba hizo mbili pamoja, utaona kwa nini kila aliyeitaka Ujerumani aliitazama kwanza Prussia.

Tangu 1920, ukiondoa vipindi vifupi, jimbo hilo liliongozwa na Otto Braun, mpiga chapa wa zamani kutoka Königsberg na mwanachama wa chama cha kisoshalisti, SPD. Wakati serikali kuu zilikuwa zikianguka karibu kila mwaka, ya Braun ilisimama. Mawaziri wake wa mambo ya ndani, Carl Severing na Albert Grzesinski, waliwaondoa maofisa walioendelea kumlilia Kaisari na kuwaweka watu walioiamini jamhuri. Wenye mashamba makubwa ya mashariki, majenerali na wanasiasa wa mrengo wa kulia hawakuwahi kuwasamehe kwa hilo.

Mwanya ulipatikana Aprili 24, 1932. Katika uchaguzi wa bunge la Prussia Wanazi walipata viti 162 na Wakomunisti 57, kati ya viti 423. Pande hizo mbili zilichukiana, ila kwa pamoja ziliweza kuzuia serikali yoyote isipate wingi. Siku chache kabla ya uchaguzi wabunge wa upande wa Braun walikuwa wamebadili kanuni ili waziri mkuu wa jimbo achaguliwe kwa zaidi ya nusu ya kura zote. Hila hiyo iliwafungia Wanazi mlango, lakini pia ilimwacha Braun kama kaimu tu, kiongozi wa serikali ambayo bunge jipya halikuichagua. Mwezi Juni, akiwa mgonjwa na amechoka, alikwenda likizo na kumwachia ofisi naibu wake, Heinrich Hirtsiefer. Ninaposoma habari za majuma yale huona kwamba Braun alikuwa ameshakata tamaa kabla ya kuondolewa.

Serikali kuu nayo ilikuwa na chansela mpya tangu Juni 1: Franz von Papen, aliyeteuliwa na Rais Hindenburg kwa ushauri wa Jenerali Kurt von Schleicher. Papen hakuwa na wabunge wa kumuunga mkono. Alitawala kwa ibara ya 48 ya katiba, iliyompa rais uwezo wa kutoa amri za dharura. Ibara hiyo haikuwa ngeni. Rais wa kwanza, Friedrich Ebert, aliitumia zaidi ya mara 100 kuikinga jamhuri dhidi ya waasi na dhidi ya mfumuko wa bei. Tangu 1930, chini ya Chansela Brüning, amri ziligeuka kuwa njia ya kawaida ya kutawala: mwaka 1932 Reichstag, bunge la taifa, lilipitisha sheria 5 tu. Wananchi walikuwa wameshazoea kuamriwa, na naona mazoea hayo ndiyo yaliyorahisisha yaliyofuata.

Papen alitaka Wanazi wamvumilie, kwa hiyo katikati ya Juni aliondoa marufuku iliyokuwa imewekwa juu ya wanamgambo wao wa SA. Barabara zikajaa damu. Julai 17 maelfu ya SA waliandamana katika mitaa ya wafanyakazi huko Altona, mji wa Prussia uliopakana na Hamburg, na watu 18 wakafa. Papen alitangaza kwamba Prussia imeshindwa kulinda amani. Hapa ndipo huwaomba wanafunzi waziangalie tarehe. Hindenburg alikuwa ameshaitia sahihi amri ya kuichukua Prussia Julai 14, shambani kwake Neudeck, nafasi ya tarehe ikiachwa wazi. Amri iliwatangulia maiti wa Altona kwa siku tatu.

Kisingizio cha pili kilitoka ndani ya nyumba. Katibu wa wizara ya mambo ya ndani ya Prussia, Wilhelm Abegg, alikuwa amezungumza na viongozi wa Wakomunisti akiwasihi waache vurugu. Ofisa kijana aliyekuwepo kwenye mazungumzo hayo, Rudolf Diels, aliipeleka habari kwa watu wa Papen, nao wakaifanya kuwa njama ya kuiunganisha serikali ya Prussia na ukomunisti.

Asubuhi ya Julai 20 Papen aliwaita Hirtsiefer, Severing na waziri wa fedha ofisini kwake, akawasomea amri: yeye mwenyewe sasa ni kamishna wa Prussia. Berlin na Brandenburg ziliwekwa katika hali ya hatari chini ya Jenerali Gerd von Rundstedt. Severing alisema hataondoka ila kwa nguvu. Jioni alijiwa na kamishna mpya wa mambo ya ndani, Franz Bracht, pamoja na maofisa wachache wa polisi. Hiyo ndiyo nguvu aliyokuwa akiisubiri, naye akatoka. Grzesinski, ambaye sasa alikuwa mkuu wa polisi wa Berlin, naibu wake Bernhard Weiss na kamanda Heimannsberg walikamatwa kwa saa chache, wakaachiwa baada ya kutia sahihi kwamba hawatatekeleza tena kazi zao.

Je, Severing na wenzake wangepigana? Mwaka 1920 mgomo mkuu wa wafanyakazi ulikuwa umeyaangusha kwa siku chache mapinduzi ya Kapp, jaribio la mrengo wa kulia la kuipindua jamhuri. Mwaka 1932 waliokosa kazi walikuwa kati ya milioni 5 na 6. Ukigoma, nafasi yako inachukuliwa kabla jua halijatua. Polisi wa miguu hawakuwa wa kulishinda jeshi, na Wakomunisti walikuwa wakiwaita SPD ndugu wa mafashisti. Siwalaumu kwa kuogopa kumwaga damu ya watu wao. Ninalowalaumu ni kwamba hawakutoa amri yoyote, hata ya kuwaambia maofisa wasiwatambue wageni hawa. Waliwaambia wafuasi wasubiri uchaguzi wa Julai 31, kisha wakaenda mahakamani. Goebbels, kiongozi wa propaganda wa Wanazi, aliandika katika shajara yake kwamba Wekundu wameikosa saa yao kubwa na haitarudi. Inaniuma kwamba aliona sawasawa.

Mahakama ya dola huko Leipzig ilitoa hukumu Oktoba 25. Ilisema Prussia haikuvunja wajibu wake kwa dola. Ilisema pia kwamba rais aliweza kukabidhi madaraka kwa kamishna kwa muda. Braun akabaki na haki ya kuiwakilisha Prussia katika baraza la majimbo, na makamishna wakabaki na polisi. Katika miezi iliyofuata waliendelea kuwaondoa maofisa wa jamhuri na kuweka watu wao.

Hitler alipoteuliwa, Wanazi walipata nafasi mbili tu katika baraza la mawaziri ukimwondoa yeye, na Papen, sasa makamu wa chansela, alijiona ndiye aliyeshika mpini. Lakini mmoja wa hao wawili, Hermann Göring, alipewa pia ukamishna wa mambo ya ndani wa Prussia, yaani kiti kile ambacho Severing alikuwa amefukuzwa. Februari 6 amri nyingine ya Hindenburg ilimnyang'anya Braun hata haki zile alizoachiwa na mahakama. Februari 17 Göring aliwaagiza polisi watumie silaha bila kusita dhidi ya maadui wa dola, akiahidi kumlinda atakayefyatua. Siku tano baadaye aliwafanya SA, SS (kikosi kingine cha Wanazi) na wanachama wa Stahlhelm, chama cha askari wa zamani cha mrengo wa kulia, jumla wapatao 50,000, kuwa polisi wasaidizi. Jengo la Reichstag lilipoungua usiku wa Februari 27, majina ya wa kukamatwa yalikuwa tayari kwenye mafaili ya polisi wa Berlin, na magari yaliondoka usiku uleule. Aprili 26 idara ya siasa ya polisi hao ilifanywa ofisi inayojitegemea, Gestapo, polisi wa siri, na mkuu wake wa kwanza alikuwa Rudolf Diels.