Kalori ngapi kwa siku? Tunapojidanganya ni kwenye kuzidisha

Swali ninaloulizwa kuliko yote na wanaotaka kupungua ni "nile kalori ngapi?" Huwa naanza na kanuni ya Mifflin-St Jeor ya mwaka 1990. Kwa mwanamke, chukua kilo zake mara 10, jumlisha urefu wa sentimita mara 6.25, toa umri mara 5, kisha toa 161. Mwanaume, badala ya kutoa hiyo 161, anajumlisha 5.

Tuseme ni mama wa miaka 38, kilo 82, sentimita 162, muuza vitenge. Anapata kama 1,480. Hizo mwili unazitumia hata akilala kutwa.

Sasa zidisha kwa shughuli: 1.2 kwa anayekaa tu, 1.375 kwa mwenye mazoezi mepesi, 1.55 kwa wa wastani. Hapa ndipo mambo yanapoharibika, maana karibu kila mtu anajiona wa 1.55. "Mimi sikai, nahangaika kutwa!" Kuhangaika nakubali. Lakini bodaboda imempeleka dukani, dukani kuna kiti, na marobota anabeba kijana. Kwa 1.55 anahesabiwa karibu 2,300, kwa 1.2 ni 1,780. Akitoa 500 kwenye ile 2,300 ili apungue, anabaki na 1,800, yaani anakula kile kile anachotumia. Mwezi unaisha, mizani haijasogea, lawama anatupiwa ugali.

Ugali wenyewe unapimika: gramu 100 za unga mkavu ni kama kalori 360, basi pima unga kabla ya kusonga. Mimi naogopa zaidi mafuta. Kijiko kimoja kikubwa kina kama 120, na mchicha unaoacha mafuta yakielea kwenye bakuli umeshakula vijiko vitatu bila mtu kuhesabu.

Jibu la kanuni ni makadirio tu. Jipime asubuhi kabla ya chai, siku kadhaa kwa wiki, ulinganishe wastani wa wiki na wiki. Maji ya mwili, hasa karibu na hedhi, hupandisha kilo bila mafuta kuongezeka. Wiki tatu zikipita bila mabadiliko, punguza 150 au 200.

Wajawazito na wanaonyonyesha wasitumie hesabu hii. Na anayetumia dawa za kisukari kama insulini au glibenklamidi asipunguze chakula kabla ya kuongea na daktari wake, kwani dozi ikibaki ile ile sukari inaweza kushuka ghafla.