Ukimya wa virusi vya herpesi: yanayosemwa na yaliyo kweli

Mtu wa Bukavu akitokwa na malengelenge mdomoni baada ya siku kadhaa za homa, majirani humfariji kwa kumwambia kwamba malaria sasa inatoka. Maneno hayo ni ya upole lakini si ya kweli, kwa kuwa malengelenge hayo kwa kawaida husababishwa na herpesi simpleksi aina ya 1, virusi ambavyo huenda aliambukizwa angali mtoto, na homa imevifungulia njia tu. Kosa hilo dogo huzaa mengine makubwa zaidi, na karibu yote yanatokana na kutojua virusi hivyo hufanya nini wakati ambapo havionekani.

Wengi huamini kwamba kidonda kikikauka na vidonge vya asikloviri vikiisha, virusi navyo vimekwisha. Sivyo. DNA ya virusi hubaki ndani ya viini vya seli za neva, katika fundo la neva ya trijemini, ile inayoleta hisia za uso, lililo ndani ya fuvu. Asikloviri haiwezi kuidhuru huko, kwa sababu dawa hiyo huamshwa na kimeng'enya cha virusi vyenyewe, na virusi vilivyonyamaza havikitengenezi.

Wapo pia, hasa miongoni mwa waliosoma biolojia kidogo, wanaodhani kwamba virusi hunyamaza kwa sababu jeni zao zimeharibika. Ukweli ni kwamba herufi zote za DNA hiyo, zipatazo 152,000, hubaki kama zilivyokuwa. Kinachobadilika ni namna zilivyofungwa, na huko ndiko inakohusika epigenetiki, yaani namna jeni zinavyowashwa na kuzimwa bila herufi za DNA kubadilika. Ndani ya ganda la virusi, DNA husafiri bila histoni, yaani zile protini ambazo seli zetu huviringishia DNA yao. Lakini ikishaingia kwenye kiini, seli huiviringisha kwenye histoni zake yenyewe. Muuza vitambaa wa soko la Kadutu anaweza kulielewa jambo hili bila kufundishwa, kwani jora lililokazwa halikatiki, na mnunuzi huona ncha tu iliyoachwa ikining'inia. Jeni za kuzalisha virusi hukazwa kwa alama za kemikali zinazobandikwa kwenye histoni iitwayo H3, ilhali eneo moja, LAT, huachwa wazi na kuendelea kusomwa ingawa halizalishi virusi. Ndiyo maana neno "kulala", ambalo sote tunalitumia, mimi nikiwemo, lina kasoro: ukimya huu ni kazi inayoendelea kufanywa, na seli ya neva ikipatwa na msukosuko, alama hizo zinaweza kulegezwa.

Dhana iliyo ngumu zaidi kuing'oa ni ile isemayo kwamba epigenetiki ni kubandika methili, alama ndogo ya kemikali, kwenye DNA yenyewe, na kwamba methili daima huzima jeni. Katika herpesi simpleksi iliyonyamaza, methili kwenye DNA si nyenzo kuu; kazi hufanyika hasa kwenye histoni. Virusi vya Epstein-Barr, vya ukoo huohuo wa herpesi, vilivyogunduliwa mwaka 1964 katika seli za uvimbe wa taya wa watoto wa Uganda, havifuati njia hiyo. Virusi hivi hujificha katika seli B za kinga, na DNA yao hubandikwa methili kwa wingi. Katika uvimbe wa Burkitt, unaowapata zaidi watoto wa maeneo yenye malaria kali, protini ya virusi inayotengenezwa ni hasa EBNA1, huku nyingine ambazo askari wa kinga wangezitambua kwa urahisi zikiwa zimezimwa. Ukimya huo, basi, ni ngao. La kushangaza ni kwamba protini ya Zta, inayovirudisha virusi hivyo kwenye uzalishaji, hushika vizuri zaidi baadhi ya jeni zikiwa zimebandikwa methili, kana kwamba kufuli lenyewe ndilo ufunguo.

Kuhusu zona, ambayo kwingine huitwa mkanda wa jeshi, inatosha kusema kwamba haitokani na uchawi wala haithibitishi UKIMWI, ingawa kupima VVU ni busara. Huibuka kutoka kwa virusi vya tetekuwanga vilivyobaki katika neva za mgonjwa mwenyewe. Tangu mpox ilipoenea Kivu Kusini, na Shirika la Afya Duniani kuitangaza dharura tarehe 14 Agosti 2024, baadhi ya watu wamedhani kwamba nayo itajificha hivyo hivyo na kurudi uzeeni. Lakini virusi vya mpox huzaliana nje ya kiini cha seli, mahali ambapo DNA yao haiviringishwi kwenye histoni, na havina mpango wa kujificha unaofanana na ule wa herpesi.

Hatimaye, kuna wanaouza mizizi na vinywaji vya "kufuta" herpesi, na siku hizi wengine hutaja jeni ili bidhaa iuzike. Kilichoonekana kwa wanyama wa maabara ni kwamba kuzuia kimeng'enya cha LSD1, ambacho huondoa baadhi ya alama za ukimya kwenye histoni, hupunguza kuibuka kwa herpesi simpleksi. Njia hiyo hukaza jora. Hailitoi dukani, na bado haijawa tiba ya herpesi inayoandikiwa wagonjwa, si Bukavu, si Bruxelles.