Je, Taruma la Plastiki Chakavu Linaweza Kubeba Treni?

Kila tunapowaonyesha wageni taruma la reli lililotengenezwa kwa plastiki chakavu, swali la kwanza ni lilelile: halitayeyuka juani? Jibu ni hapana. Plastiki inayotumika zaidi, ile ya chupa za maziwa na za sabuni ya maji, huyeyuka ikifika nyuzi joto 130 hivi za Selsiasi, na hakuna jua linalochoma reli hadi huko. Lakini anayeuliza hivyo hajakosea sana. Joto ndilo linalotutaabisha sisi wahandisi wa vifaa, ila hututaabisha mapema zaidi na kwa kiasi kidogo zaidi: milimita chache tu za kutanuka. Nitarudi hapo.

Kwanza tukumbushane taruma linafanya nini, kwa sababu wengi huliona kama kigogo tu kilicholazwa chini ya chuma. Kazi yake ya kwanza ni kuzishika reli mbili zisisogeleane wala kuachana. Kwenye reli ya kiwango cha kimataifa, nafasi hiyo ni milimita 1,435, na ikipanuka kupita kiasi gurudumu huanguka ndani. Kazi ya pili ni kuupokea mzigo wa gurudumu na kuutandaza juu ya kokoto. Taruma lililo chini ya gurudumu hubeba hadi nusu ya mzigo huo, unaobaki ukibebwa na mataruma jirani. Tatu, taruma hujikita ndani ya kokoto ili reli zilizopashwa joto zisilisukume pembeni. Nne, na hii husahaulika, linazuia umeme usipite kutoka reli moja hadi nyingine. Njia nyingi za reli hupitisha mkondo mdogo wa umeme kwenye reli ili mfumo wa ishara ujue treni iko wapi. Kitu kinachofaulu katika kazi tatu na kufeli ya nne hakifai kuitwa taruma.

Kwa zaidi ya karne moja na nusu kazi hizo zimefanywa hasa na mbao. Mbao ni nyepesi kuliko zege, zinapinda bila kuvunjika, na fundi anaweza kuzitoboa kwa zana za mkononi. Ila zinaoza na mchwa wanazipenda, kwa hiyo hulowekwa kreosoti, mafuta meusi yanayotokana na lami ya makaa ya mawe. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeiweka kreosoti katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani kwa binadamu. Niseme jambo hapa, ingawa ni nje kidogo ya mada: taruma kuukuu la mbao lisitumike kuzungushia bustani ya mboga, wala lisiwe kuni. Moshi wake ni sumu.

Zege ndilo limechukua nafasi kubwa kwenye reli mpya, na kwa njia kuu zenye treni za kasi bado sioni mshindani wake. Lakini taruma moja la zege lina uzito wa kilo 250 hadi 300, halivumilii vishindo vikali, na saruji inayoliunganisha hutoka katika sekta inayochangia takriban asilimia 8 ya hewa ya ukaa inayozalishwa na binadamu. Juu ya daraja la zamani, ambalo lilijengwa kwa hesabu ya uzito wa mbao, huwezi kubadilisha tu ukaweka zege.

Hapo ndipo takataka zikapata nafasi yao.

Majaribio ya kweli yalianza Marekani miaka ya 1990. Chuo Kikuu cha Rutgers, katika jimbo la New Jersey, kilikuwa kinatafuta njia ya kuipa plastiki ya chupa ugumu wa kutosha kubeba mizigo mizito. Njia mojawapo waliyoipata inanifurahisha hadi leo. Plastiki ya chupa za maziwa, yaani polithini ngumu, hainyooshi mgongo chini ya mzigo. Polistirini, ile ya vikombe vya kahawa vya kutupa, ni ngumu lakini hukatika ghafla. Hizi mbili hazichanganyiki, sawa na mafuta na maji. Zikiyeyushwa pamoja kwa uwiano unaofaa, kila moja hujenga mtandao wake ndani ya mwenzake, zikashikana kama vidole vya mikono miwili. Zikipoa zikiwa hivyo, ugumu wa moja huisaidia nyingine. Teknolojia ya chuo hicho ilifika mbali. Mwaka 2009, katika kambi ya jeshi ya Fort Bragg, lilijengwa daraja la plastiki iliyorejelewa ambalo lilipitisha kifaru cha tani 70 hivi, na mwaka 2010 yakafuata madaraja ya reli huko Fort Eustis, Virginia.

Mataruma yenyewe yalipelekwa Pueblo, Colorado, ambako kulikuwa na njia ya reli ya mduara iliyojengwa kwa ajili ya kutesa vifaa vya reli. Treni ya mizigo yenye takriban tani 35 kwa kila ekseli ilizunguka humo usiku baada ya usiku, ili uchakavu wa miaka mingi uonekane kwa muda mfupi. Mataruma mengine yalivumilia. Mengine yalipasuka, na kupasuka kwake ndiko kulikotufundisha zaidi.

Tatizo la kwanza huanzia kwenye gunia la malighafi. Watu hudhani kwamba ukikusanya plastiki yoyote, ukaiyeyusha na kuimimina, umepata taruma. Siyo hivyo. Mchanganyiko huu huyeyushwa kwenye nyuzi joto 200 hivi. Chupa za maji ya kunywa ni plastiki ya PET, ambayo huhitaji takriban nyuzi 250, kwa hiyo vipande vyake hubaki vigumu ndani ya taruma kama mawe ndani ya ugali, na ufa huanzia pale. Kipande cha bomba la PVC kikiingia, joto hukichoma na kutoa gesi ya asidi inayokula mashine na kudhuru mapafu ya wafanyakazi. Mchanga husaga skrubu kubwa inayosukuma plastiki ndani ya mashine. Unyevu hugeuka mvuke na kuacha mapovu. Kiwanda kizuri utakitambua kwenye eneo la kuchambulia, kuoshea na kukaushia kabla hujaiona mashine yenyewe.

Vikishachambuliwa, vipande hivyo vya plastiki huchanganywa na nyuzi fupi za glasi, au na unga wa mpira wa matairi, au vyote viwili. Tairi kuukuu haliyeyuki tena, kwa kuwa mpira wake ulishapikwa na salfa. Kinachowezekana ni kulisaga, kuondoa waya na nyuzi zake, na kutumia chembe zake kama kijazio. Mpira hupunguza mtikisiko na kelele. Ila kila kijiko cha mpira unachoongeza kinalainisha taruma, kwa hiyo nyuzi za glasi zinalazimika kurudisha ugumu uliopotea. Kumbuka kwamba polithini tupu hupinda takriban mara kumi zaidi ya mti wa mwaloni chini ya mzigo uleule.

Kisha mchanganyiko husukumwa ndani ya kalibu ndefu ya chuma. Hapa ndipo penye ufundi ambao haumo kwenye vipeperushi vya matangazo. Taruma ni bonge nene, na plastiki hupitisha joto polepole mno. Ngozi ya nje huganda kwanza, kitovu kikiwa bado uji. Kitovu kinapoanza kupoa baadaye, kinasinyaa, lakini nje kumeshaganda na hakuna pa kuvuta nyongeza. Matokeo yake ni tundu katikati. Nje taruma linang'aa na kunyooka, ndani lina pango. Tulipowahi kulikata moja la namna hiyo kwa msumeno mbele ya wanafunzi, ukimya uliopita ulikuwa somo tosha. Dawa yake ni kuendelea kusukuma mchanganyiko kwa shinikizo kalibu inapojaa, kuongeza kemikali inayotoa vipovu vidogo vilivyotawanyika sawasawa, na kuitumbukiza kalibu kwenye maji bila haraka. Taruma lililopozwa vizuri, ukilikata, lina ngozi ngumu nje na vitundu vidogo vya mkate ndani. Kiwanda kinachokimbizana na idadi ya mataruma kwa siku hufupisha muda huu wa kupoza, na mnunuzi haoni kosa hadi skrubu ya kwanza inapoingia.

Sasa turudi kwenye zile milimita. Polithini tupu hutanuka walau sehemu 120 kwa kila milioni kwa kila nyuzi joto moja. Chukua ile nafasi ya milimita 1,435 na tofauti ya nyuzi 40 kati ya alfajiri ya baridi na mchana wa jua kali. Ukizidisha unapata karibu milimita 7. Zege katika hali hiyohiyo halifikishi hata milimita moja. Milimita 7 ni nyingi kwa gurudumu lililotengenezwa kukaa kwa kipimo, na zinakuja na kuondoka kila siku. Zaidi ya hayo, jua hupiga uso wa juu huku tumbo la taruma likiwa kwenye kokoto za baridi, kwa hiyo taruma hujikunja kidogo kama upinde, mgongo ukiinuka. Nyuzi za glasi zilizolala kwa urefu wa taruma hupunguza mtanuko huo sana. Kampuni ya Lankhorst ya Uholanzi iliamua kuingiza nondo za chuma ndani ya plastiki iliyorejelewa. Greenrail ya Italia iligeuza mambo: kiini cha zege, na juu yake ganda la plastiki chakavu na mpira wa matairi, ili zege libebe na ganda lipokee vishindo.

Ufungaji nao una mambo yake. Mbao zina nyuzi zinazosogea kuupisha msumari na kisha kuubana. Plastiki haina, kwa hiyo lazima itobolewe kwanza kwa kipimo sahihi, la sivyo hupasuka, hasa wakati wa baridi. Pia plastiki inayobanwa muda mrefu hukubali mzigo polepole, na vifungio vikalegea. Fundi arudi kuvikaza. Uso laini huteleza kwenye kokoto, ndiyo sababu mataruma mengi hupewa mikwaruzo au vinundu pembeni. Na plastiki inaungua. Cheche za kusaga reli zinahitaji maji karibu, kama inavyohitajika kwa mbao zenye kreosoti.

Basi yawekwe wapi? Mimi ningeanza na madaraja, mahandaki, sehemu zenye maji yasiyokauka na maeneo yenye mchwa, pamoja na pale treni zinapobadilishwa njia, ambako mataruma marefu ya mbao nzuri yamekuwa adimu. Ndivyo wengi wanavyofanya. Australia iliweka mataruma ya plastiki iliyorejelewa katika kituo cha Richmond, Melbourne, mwaka 2019, baada ya majaribio yaliyoshirikisha Chuo Kikuu cha Monash. Uingereza iliyaweka juu ya daraja la Sherrington, Wiltshire, mwaka 2021. Yanaweza kukatwa na kurekebishwa palepale kama mbao. Unga wa msumeno ukusanywe kwenye turubai, usiachwe uchukuliwe na mvua hadi mtoni, maana tutakuwa tumeondoa chupa jalalani na kuzirudisha mtoni zikiwa vumbi.

Kuhusu kiasi cha taka kinachookolewa, hesabu ni rahisi. Mataruma yakipangwa kila sentimita 60, kilomita moja inahitaji 1,667 hivi. Kama kila moja lina kilo 80 za plastiki chakavu, hizo ni zaidi ya tani 130 kwa kilomita. Ni nyingi, lakini zisitupumbaze. Taka safi za aina moja ndizo zinazohitajika, na wanaozitaka ni wengi.

Bei ya kununua kwa kawaida huizidi ya mbao, na hoja ya wauzaji ni maisha marefu. Wengi hutaja miaka 50. Mtu akikutajia miaka hiyo, jua kwamba ni makisio ya maabara, kwa kuwa mataruma ya kwanza ya plastiki iliyorejelewa yaliwekwa miaka ya 1990 na hayajafika umri huo. Japani ina mataruma ya povu gumu la poliyurethani lenye nyuzi za glasi yaliyowekwa tangu 1980, lakini hayo hutengenezwa kwa malighafi mpya, na sifa zake haziwezi kuazimwa. Badala ya miaka, muulize muuzaji kuhusu ISO 12856, kiwango cha kimataifa cha mataruma ya namna hii: lilipimwa kupinda katika joto gani, skrubu ilivutwa kwa nguvu kiasi gani kabla ya kung'oka, na je, yupo tayari ulichague taruma moja wewe mwenyewe ulikate katikati?

Na likichakaa, taruma hili linaweza kusagwa na kuumbwa upya, ingawa nyuzi za glasi hukatika na kufupika kila linaposagwa, kwa hiyo la pili halitalingana na la kwanza bila nyuzi mpya kuongezwa. Ndiyo maana tunashauri kila taruma lipigwe chapa ya mwaka na ya mchanganyiko wake, tena iliyozamishwa ndani ya plastiki yenyewe, siyo ya rangi. Fundi atakayeling'oa huenda bado hajazaliwa, naye atahitaji kujua ameshika nini.