Je, mionzi ya eksirei hubaki mwilini?

Wapo wengi wanaoamini kwamba mtu aliyepigwa picha ya eksirei hubaki na mionzi mwilini kwa siku kadhaa, na kwamba mama anayenyonyesha hana budi kukamua maziwa yake na kuyamwaga asije akamdhuru mtoto. Hofu hiyo inaeleweka, kwani mionzi haionekani wala haina harufu.

Eksirei ni ya jamii moja na mwanga: taa ikizimwa, mwanga hausalii ukutani, na vivyo hivyo mashine ikizimwa hakuna mionzi inayobaki mwilini wala katika maziwa. Kinachoweza kubaki ni madhara kwenye seli, ambayo mengi mwili huyarekebisha, na hatari yake hutegemea kiasi kilichopokelewa. Picha moja ya kifua huwa takriban milisiverti (kizio cha kupimia mionzi inayoupata mwili) 0.1 au chini ya hapo, ilhali mionzi ya asili, itokayo ardhini, angani na katika chakula, humfikia binadamu kwa wastani wa milisiverti 2.4 kwa mwaka. Kipimo cha CT cha tumbo, yaani picha nyingi za eksirei zinazounganishwa na kompyuta, huweza kukaribia milisiverti 10, na hicho kwa kweli kinastahili kuulizwa iwapo kinahitajika.

Hali ni tofauti kwa mgonjwa aliyepewa dawa yenyewe inayotoa mionzi, kama vile iodini-131 ya kutibu tezi ya shingo, ambayo nguvu yake hupungua kwa nusu kila baada ya siku 8. Huyo huelekezwa kutokaa karibu na watoto na wajawazito kwa muda, na kuacha kunyonyesha. Kwa hiyo, kabla ya kipimo chochote, muulize mtaalamu: mionzi inatoka kwenye mashine, au katika dawa nitakayopewa?